Jiwe Lililouzwa Magara

Juzi mwanangu alinijia na simu mkononi, akaniambia, "Mama, njoo uone watu wanavyotengeneza kisu." Nilikuwa nachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mikono yote inanuka, nikamfukuza. Hakufukuzika. Akaiegemeza simu kwenye gunia la mchele mbele ya macho yangu, na hapo, rafiki yangu, ndagala zikasahaulika mpaka paka akajihudumia mwenyewe.

Ulikuwa mji wa Japani unaoitwa Sakai. Mwanangu alikuwa ananisomea maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa chini ya picha. Mji ule unaishi kwa visu tangu enzi za mababu, na iko miji mingine ya namna hiyo kule kwao, mmoja unaitwa Seki, mwingine Echizen. Lakini kilichonishika roho ni cha Sakai: pale hakuna mtu anayetengeneza kisu kizima. Mzee mmoja anafua chuma, basi. Akimaliza anakipeleka nyumba nyingine, kwa mzee ambaye kazi yake ni kunoa tu, hana nyingine duniani. Kikitoka hapo kinakwenda kwa wa tatu, anayetia mpini. Yule wa kunoa alikuwa ameinama juu ya jiwe linalotiririka maji, mabega yamepanda karibu na masikio, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Nikapiga kelele: "Jirani!" Mwanangu akanitazama kama mtu aliyepandwa na shetani.

Nilimsimulia, akasinzia kabla sijafika popote. Kwa hiyo nakusimulia wewe.

Mimi nilikulia Rumonge, Burundi, katika kichochoro cha chini kabisa, kile cha mwisho kabla ya ziwa. Watu walikiita Kwa Visu. Usikitafute leo. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni lilianza na sisi, na sasa ukisimama pale unaona maji, vichwa vya migomba iliyokufa, na vijana wanaogesha pikipiki. Wakati wangu palikuwa na kelele za nyundo toka asubuhi, na wamama wa samaki wakija na visu vyao butu wamevifunga kwenye vitenge, wakigombana nani kafika kwanza.

Kisu cha kwetu kilipita mikono mitatu. Wa kwanza alikuwa babu yangu, mhunzi. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Baraka, akavuka akiwa kijana, akaoa Rumonge, akabaki. Chuma chake kilikuwa resori za kamyo za Kijapani, springi za malori, zile mbovu zilizotupwa magarajini. Hakutaka chuma kingine. "Mujapani anajua chuma," alikuwa akisema, "kule kwao iko muji muzima ya watu ya visu, mpaka wamama." Nani alimwambia? Dereva mmoja. Bibi alikuwa anamcheka: "Na wewe unaamini dereva!" Sasa nimeuona mji wenyewe kwa macho yangu, na wa kumwambia sina.

Wahunzi wengine walitumbukiza chuma chekundu ndani ya maji. Babu alikinywesha mawese. Alikuwa na chungu cha mawese ya zamani, meusi, na kisu kikiingia humo kilifoka na kutoa moshi mzito wa manjano. Kichochoro kizima kilinuka kama jikoni mwa watu wenye sherehe. Sisi watoto njaa ilituuma saa zote kwa sababu ya ule moshi. Tulikula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake mchana, samaki wa mukeke siku ikiwa nzuri, na bado ukipita karibu na chungu cha babu tumbo lilikusemesha.

Wa tatu alikuwa bibi. Alitia mipini ya mti wa mpera, anauchoma mkia wa kisu mpaka uwe mwekundu, anausukumiza ndani ya mti, moshi unampofusha, anautukana ule mti kwa matusi ambayo siyaandiki hapa. Kisha anauvisha pete ya bati. Kisu kilichokosa mkono mmoja kati ya mitatu alikiita yatima. "Usiniletee yatima hapa." Wamama wa samaki nao walijifunza neno hilo, wakawa wanauliza kabla ya kushika: "Si yatima?"

Wa katikati ndiye Jirani.

Alikuwa Mrundi, mtu wa kanisani. Baba yake alikimbia naye mgongoni wakati wa machafuko, wakavuka mpaka Tanzania, akakulia huko, akakaribia kuzeekea huko, ndipo akarudi. Aliporudi akakuta shamba la baba yake lina nyumba za watu na migazi ya mawese ya watu. Hakugombana. Alipanga chumba kimoja mbele ya kiwanda cha babu, akaweka jiwe lake chini, akaketi. Lile jiwe baba yake alikuwa amekimbia nalo, na yeye akarudi nalo. Lilikuwa refu kama mkono wangu wa wakati ule toka kiwiko, la kijani iliyofifia, limebonyea katikati kwa visu vilivyonolewa juu yake na watu wawili maisha yao yote. "Wengine wamerithi shamba," alikuwa akituambia, "mimi nimerithi jiwe." Alicheka akisema hivyo. Tulicheka naye, watoto wajinga.

Kazi yangu ilikuwa kubeba. Nilikuwa na kikapu, natoa visu kwa babu, navusha njia, navitua kwa Jirani, nangoja, navipeleka kwa bibi. Kungoja kwa Jirani ndiko nilikopenda. Alimwagia jiwe maji kwa kopo, polepole, halafu shwaa, shwaa, shwaa. Alikuwa akinisemesha Kiswahili chake cha redio. "Naomba unisogezee kopo, mjukuu wangu." Naomba! Kwetu mtu alisema leta kopo. Asubuhi alitutaka tumwambie shikamoo, na sisi tukimwambia amahoro, anajibu amahoro, halafu anangoja shikamoo yake vilevile.

Hapo lazima nikueleze kitu, la sivyo mambo yaliyofuata hutayaelewa. Babu alisema Kiswahili cha ng'ambo. Kwake, kuuza ni kile wewe unachokiita kununua. Kama ni kutoa mali na kupokea pesa, hiyo alisema kuuzisha. Alikuwa ananituma, "Enda dukani uuze chumvi," na mimi naenda, nanunua chumvi, narudi. Sikuona ajabu yoyote. Jirani wiki ya kwanza alishangaa: "Kumbe mna chumvi ya kuuza, Fundi?" Bibi, ambaye alikuwa wa Rumonge na alisikia Kiswahili cha pande zote, akawafasiria, wakacheka mpaka babu akakohoa. Toka siku ile Jirani alijua. Nasisitiza: alijua.

Kisha Jirani akaugua. Alikohoa, akakonda, wakampeleka hospitali Bujumbura, akakaa huko muda mrefu hata tukaanza kuogopa kumtaja. Alimwacha mpwa wake chumbani, kijana mmoja mwenye macho mekundu na kiu isiyokwisha. Asubuhi moja nilivuka njia na kikapu kitupu, kwa mazoea tu, nikaona ardhi tupu pale jiwe lilipokuwa, na unyevu bado uko kwenye udongo. Mpwa alikuwa amelala chali, ananuka urwarwa, pombe ya ndizi. Jiwe alikuwa amempa mchuuzi wa samaki wa Magara kwa pesa ya kunywea.

Babu hakupiga kelele. Alivaa kofia yake, akapanda baiskeli yake, ile nyekundu aliyokuwa akiipaka mawese kwenye mnyororo kama mtoto anayepakwa mafuta, akaelekea Magara. Alirudi jioni juu ya kamyo ya mihogo, jiwe mapajani, baiskeli hakuna. Bibi alimtazama, akatazama njia nyuma yake, akaelewa. Alisema tu, "Njoo ule." Babu akalificha jiwe nyuma ya kiwanda, chini ya magunia ya makaa, mpwa asiliguse tena. Akatukataza tusimwambie Jirani habari ya baiskeli. Alitaka aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa raha zake.

Jirani alirudi mchana wa jua kali, begi begani, koti linampwaya. Hakupitia kwetu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, akakuta mpwa hayupo, akasimama, akaona ile ardhi tupu. Ndipo akavuka njia. Mimi nilikuwa mlangoni na kikapu changu.

Babu alipomwona aliitupa nyundo. "Karibu! Karibu weee!"

"Fundi," Jirani akasema, bila salamu, "jiwe langu liko wapi?"

Babu alikuwa ameingojea siku hii kama watoto wanavyongoja Idi. Uso ulimng'aa. "Jiwe? Jiwe niliuza mimi! Kule Magara. Usiwaze!" Na mbio akaingia nyuma kulitoa.

"Uliuza," Jirani akasema polepole.

"Niliuza, ndiyo!" Sauti ya babu ilitoka chini ya magunia.

"Wewe, Fundi."

"Mimi mwenyewe!"

Jirani alinitazama. Mimi nilikuwa natabasamu mpaka magego, maana niliona fahari ya babu yangu, na moyoni nilikuwa nimeshika habari ya baiskeli kama mtu aliyeficha pipi. Aliniwekea mkono kichwani. Ulikuwa mwepesi, umebaki mifupa. Uso wake niliuona ukizimika, nikadhani ni uchovu wa safari. Akageuka, na begi lake begani, hakuwa amelitua hata. Babu alipotoka amekumbatia jiwe, makaa mpaka kwenye ndevu, alikuta njia tupu na mimi.

"Jirani iko wapi?"

"Ameenda."

"Ameenda kuoga," babu akasema. Akaketi na jiwe mapajani kumngoja. Bibi aliporudi kutoka sokoni bado alikuwa ameketi. Magharibi ikaadhiniwa. Baadaye mtu wa kioski akatuambia kwamba Jirani alisimamisha gari la kwenda juu, upande wa Kabezi na Bujumbura, akapanda.

Unaweza kuuliza, kwa nini hakumfuata? Kwa sababu babu naye alikuwa na moyo, na moyo wake ulichubuka. Hata asante? Hata "umefanya vema"? Ametoa baiskeli, amerudi juu ya mihogo kama mbuzi, na mtu anageuza mgongo! "Watu wa Tanzania wako na adabu ya mdomo tu," alisema siku hizo, na bibi alimwambia anyamaze, kisha naye akaacha kumtetea Jirani kwa sababu hata yeye hakuelewa. Alituuliza ilikuwaje, na babu akamjibu, "Nilimwambia jiwe yake iko salama." Hivyo ndivyo yeye alivyojisikia amesema. Na mimi, niliyesikia kila neno, nilikuwa nimekulia kwenye Kiswahili cha babu. Niliposikia "niliuza," nilisikia jiwe limerudi nyumbani.

Visu vikalundikana. Babu alifua, mimi nikabeba, hakuna wa kupelekewa. Wanoaji wengine walikuwepo, lakini babu aliwakataa wote kwa sababu hii na ile. Bibi akawa anakaa na mipini yake ya mpera imekauka. Wamama wa samaki wakaja, wakauliza "Si yatima?", tukawaambia ni yatima. Wakaanza kununua visu vya kiwandani vyenye mipini ya plastiki.

Miezi ilipita. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, kijana wa Bujumbura, mpole, mwenye Kiswahili cha vitabu. Siku moja akaandika kwenye tablo maneno mawili, kununua na kuuza, akataka tutunge sentensi. Nikanyoosha kidole, najua sana mimi. Nikasimama: "Babu aliuza jiwe ili amrudishie Jirani."

Mwalimu akatabasamu. "Binti, ukiuza kitu, kinaondoka. Sasa Jirani atarudishiwa nini?"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nilicheka nao. Halafu nikauona tena ule uso mlangoni. Sikuomba ruhusa. Nilitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Bibi alikuwa anachoma mkia wa kisu. Niliposema, aliuachia ukaanguka kwenye mchanga. "Yarabi," akasema. Akamgeukia babu. "Ulimwambia uliuza?"

"Ndiyo. Niliuza."

"Mtu wa Tanzania! Katoka hospitali, hana nguvu, haoni jiwe la baba yake, na wewe unamwambia uliuza!"

Babu aliketi juu ya fuawe lake, jambo ambalo mhunzi hafanyi. "Lakini anajua," akasema. "Anajua vile mimi ninasemaka." Na ni kweli, alijua. Lakini nimeishi kiasi cha kutosha kuona kwamba mtu mwenye uchungu hasikii kwa masikio aliyojifunza ukubwani. Husikia kwa yale ya mama yake.

Kesho yake tulikwenda Kabezi, ambako Jirani alikuwa na watu wa kanisa lake: babu, mimi, na jiwe limefungwa ndani ya kitenge cha bibi. Tuliuliza kanisani, tukaonyeshwa nyumba ya muumini mwenzake aliyempokea. Mwenyeji alitupa maji ya kunywa, akatuambia Jirani amekwisha rudi Tanzania, upande wa Kigoma, kijiji hakukijua. Babu akauliza kama alimsema vibaya. "Hapana," mwenyeji akasema, "hakumsema mtu. Alisema tu kwamba Burundi hana tena kitu cha kushika." Babu aliinamisha kichwa, akawa analipapasa lile jiwe kupitia kitenge. Mimi nilikuwa na hasira, sijui na nani. Ningeweza kumpiga mtu.

Kumfuata, babu hakuweza. Hakuwa na karatasi za kuvuka, mguu ulikuwa umeanza kumsumbua, na Kigoma ni kubwa. Kumwandikia, wapi? Alichofanya alipofika nyumbani ni kuchanganya saruji na kulijenga jiwe pale pale lilipokuwa likikaa, mbele ya chumba cha Jirani, asiweze mtu kulibeba tena. "Akirudi atalikuta," alisema. Kila asubuhi alilimwagia kopo la maji.

Kulikuwa na mtu wa mashua aliyepeleka mawese Kigoma, mtu wa Baraka kama babu. Bibi alimwita, akamkalisha, akampa chai na mandazi, akamfundisha. "Utasema hivi: alinunua. Rudia."

"Alinunua."

"Tena."

"Mama, mimi si mutoto!"

"Tena!"

Alirudia, akaondoka, akaja na kuondoka tena, na kila alipotia nanga tulikimbilia ufukweni, naye anatikisa kichwa. Mpaka ikafika siku aliyoruka toka mashuani anacheka. Amemwona! Jirani yuko hai, yuko kwenye soko la samaki huko pembeni mwa Kigoma, ananoa visu kwenye ngazi ya saruji. Babu alimshika mikono yote miwili. Bibi peke yake hakufurahi bado. "Ulimwambiaje?" akauliza. "Niambie maneno yenyewe."

"Kama vile mulinituma. Nilimuambia: muzee wa Rumonge aliuza lile jiwe, na roho inamuuma sana, anataka urudi."

Babu aliiachia mikono yake. Yule mtu alitutazama mmoja mmoja, hajui alichokosa, na hakukosa, alisema Kiswahili chake kama alivyokinyonya. Akaendelea, bado anataka kutufurahisha: "Alikiweka kisu chini. Halafu akasema, mwambie nilikwisha msamehe siku ile ile. Asijisumbue."

Bibi alijishika kiuno, akaanza kulia kwa hasira. Alitaka mashua igeuze siku hiyo hiyo, alitaka aende yeye. Babu akamzuia. "Nikituma tena, ataona ninakana," alisema. "Mutu amekwisha kusamehe, sasa utamurudishia?" Alikaa akitazama maji. Sikuwahi kumwona babu yangu hana la kufanya kwa mikono yake. Mwishowe akamwambia mtu wa mashua, kwa sauti ndogo: "Ukimuona tena, umuambie, murakoze." Ndiyo asante kwa Kirundi, lugha ya Jirani.

Alimwona tena. Akamwambia. Baada ya hapo yule mtu wa mashua akabadilisha njia, na habari zikakatika.

Babu alifariki kabla maji hayajapanda, na bibi akamfuata. Ziwa lilipokuja tulibeba tulivyoweza, mabati, milango, hata fuawe tulilikokota. Jiwe halikung'oka. Tulilipiga mitaimbo mimi na mume wangu, tumesimama ndani ya maji mpaka magotini, na ile saruji ya babu ikatushinda. Sasa kisu cha mikono mitatu hakitengenezwi tena Rumonge, na wanaokumbuka kwamba kilikuwepo tunahesabika.

Mwaka hata mwaka nimemtuma kila mtu anayekwenda Kigoma, na wote wanarudi mikono mitupu. Kama Jirani alipata wajukuu huko, bila shaka aliwasimulia. Alipenda sana kusimulia watoto. Wanamjua babu yangu. Ni yule mhunzi wa Rumonge aliyeuza jiwe la rafiki yake mgonjwa, akasamehewa, akashukuru.